Dhamiri Potofu na Moyo Mwema: Tatizo la Maadili katika Adventures of Huckleberry Finn

Je, mtu atendaye jema huku akiamini kwa dhati kwamba anatenda dhambi anastahili kusifiwa? Na iwapo anastahili, wema wa namna hiyo unatosha? Maswali haya mawili ndiyo kiini cha Adventures of Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain iliyochapishwa Uingereza mnamo Desemba 1884 na Marekani mnamo Februari 1885. Swali la kwanza limeshughulikiwa na wahakiki wengi, na aghalabu jibu lao limekuwa ndiyo. La pili halijapewa uzito unaolistahili. Makala haya yananuia kulichunguza hilo la pili, maadamu ndilo linaloweza kutueleza kwa nini riwaya hii inaishia mahali ambapo imewaudhi wasomaji wake kwa muda mrefu.

Mandhari ni bonde la mto Mississippi katika miaka ya 1830 au 1840. Missouri, anakotoka Huck, iliingizwa katika Muungano wa Marekani mwaka 1821 ikiwa jimbo linaloruhusu utumwa. Twain mwenyewe alizaliwa huko mwaka 1835 na kukulia katika mji wa Hannibal. Utumwa ulipigwa marufuku nchini kote mwaka 1865, kwa hiyo wasomaji wa kwanza wa riwaya waliyajua yale ambayo Huck, msimulizi, hawezi kuyajua. Kinaya cha kazi nzima kimejengwa juu ya pengo hilo.

Riwaya ya makuzi kwa kawaida humchukua kijana asiyefunzwa na kumfikisha polepole kwenye maadili ya jamii yake. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huck hana mama, babake ni mlevi anayempiga, na ulimwengu uliosalia kumfunza ni ule wa akina Grangerford, wanaoketi kanisani bunduki zikiwa magotini, wakasikiliza mahubiri ya upendo wa kindugu, wakayasifu sana, na kesho yake wakauana na majirani zao. Mtu angedhani kwamba mtoto wa pembezoni kama huyu ameepukana na mafunzo ya jamii hiyo. La hasha. Kuhusu utumwa, Huck amefunzwa vizuri mno.

Hilo linabainika katika sura ya 16. Huck na Jim, mtumwa aliyemtoroka Bi Watson, wanadhani wanaukaribia mji wa Cairo, na Jim anaanza kunena kama mtu huru. Atafanya kazi, atamkomboa mkewe, kisha wote wawili watawakomboa watoto wao wawili. Bwana wao akikataa kuwauza, atatafutwa mtu wa kuwaiba. Huck anashtuka. Tuuangalie kwa makini msamiati wa mshtuko wake, kwani ni msamiati wa mali na wizi. Anamhurumia Bi Watson ambaye hakumkosea lolote. Anawahurumia hata wenye watoto wale, watu asiowajua. Baba anayetaka wanawe anaonekana mbele yake kama mwizi anayepanga kuvunja nyumba. Dhamiri yake haikosi ukali wala bidii. Inamsuta usiku na mchana, lakini inamsuta kwa jema alilolitenda.

Hata hivyo, wanaume wawili wanaosaka watumwa watoro wanapotokea, Huck anawadanganya kwamba ndani ya chelezo mna mgonjwa wa ndui. Wanaondoka haraka baada ya kumwachia dola 40 kwa kumwonea imani. Kisha anatoa hoja inayotufaa sana hapa: ikiwa kutenda haki na kutenda uovu vyote humwachia mtu uchungu uleule, basi heri kufanya lililo rahisi kwa wakati huo. Kwa maoni yetu hii si falsafa ya mwasi. Ni maneno ya mtoto aliyechoka.

Sura ya 31 ndiyo inayosifiwa zaidi. Tapeli anayejiita Mfalme amemtoa Jim kwa dola 40. Huck anamwandikia Bi Watson barua ya kumfichulia Jim aliko, na papo hapo anajisikia ametakasika. Halafu anamkumbuka Jim akikesha zamu zake mbili ili yeye aendelee kulala. Anaichana barua na kukubali kwenda motoni. Hakuna msomaji asiyeguswa. Lakini tuangalie pia lile asilolisema. Hasemi kwamba jamii imemdanganya, wala kwamba Jim si mali ya mtu. Anaikubali ramani ya pepo na moto kama alivyochorewa, na kujiweka upande wa waliolaaniwa. Sura moja tu baadaye, Shangazi Sally anapomuuliza iwapo kuna mtu aliyeumia katika mlipuko wa meli, anajibu kwamba hakuna, ila amekufa mtu mweusi; na yule mama anashukuru kwa kuwa wakati mwingine watu huumia. Yamkini Huck anaigiza ili aaminiwe. Lakini jibu limemtoka kwa wepesi wa kutisha.

Mwanafalsafa Jonathan Bennett, katika makala yake ya 1974, aliitumia dhamiri ya Huck kuonyesha kwamba huruma inaweza kuwa sahihi pale kanuni za mtu zinapokuwa mbovu. Nomy Arpaly, mwaka 2003, alikwenda mbali zaidi: Huck anastahili sifa kamili, kwani anamwona Jim kuwa binadamu ingawa hana lugha ya kulitamka hilo. Twain mwenyewe, katika maelezo aliyoyaandaa mwaka 1895, aliona kwamba riwaya inahusu moyo mzima unaogongana na dhamiri iliyolemaa na kuishinda. Hoja ya Arpaly tunaikubali. Tunachouliza ni nini hutokea kwa wema usio na lugha pindi unapokutana na mtu mwenye maneno mengi.

Mtu huyo ni Tom Sawyer. Katika sura za mwisho Tom anaugeuza ukombozi wa Jim kuwa mchezo wa hadithi alizozisoma. Jim analetewa panya, nyoka na buibui gerezani mwake, na anaambiwa aandike kumbukumbu za mateso yake. Hatimaye tunaelezwa kwamba Bi Watson alikufa miezi miwili iliyotangulia na kumwacha huru kwa wasia, na kwamba Tom alilijua hilo tangu mwanzo. Ernest Hemingway, katika Green Hills of Africa (1935), kitabu kinachohusu uwindaji wake huku kwetu Afrika Mashariki, alimshauri msomaji aachie pale Jim anapoibwa. T. S. Eliot aliutetea mwisho huo mwaka 1950 kwa misingi ya umbo. Leo Marx akampinga mwaka 1953, akidai kwamba Twain ameisaliti safari nzima.

Marx ana haki ya kuudhika, ila sisi hatuoni usaliti wa mwandishi hapa. Mbegu ilipandwa katika sura ya 16. Huck hana kanuni ya kumpinga Tom, kwa vile alimsaidia Jim bila kuikana kanuni ya waliomfunga. Tena anamshangaa Tom, mtoto wa watu wenye heshima, kwa kukubali kujivunjia jina kwa kuiba mtumwa. Moyo ulioshinda dhamiri peke yake mtoni unasalimu amri mbele ya rafiki aliyesoma vitabu.

Uhakiki umeelekea kumtafuta mtu mwadilifu katika mtoto, hali mtu mzima mwenye maadili yaliyokomaa ameketi kando yake chelezoni. Ni Jim anayemkemea Huck baada ya mzaha wa ukungu katika sura ya 15, na kumfanya aombe radhi. Ni Jim anayelia kwa kumpiga bintiye Elizabeth kwa kutotii, kabla ya kugundua kwamba mtoto amekuwa kiziwi. Hapa dhamiri inasuta inapostahili kusuta. Na katika sura ya 40, Tom akiwa amepigwa risasi mguuni, Jim anapima kwa kubadilisha nafasi. Lau Tom ndiye anayekombolewa na mwenziwe akaumia, angekubali kukimbia? Basi naye Jim hataondoka bila daktari. Anajua anachokitoa, na anatoa kwa hoja. Hakuna uamuzi mwingine riwayani unaofanywa kwa macho yaliyofumbuka hivyo.

Huck anamsifu kwa kusema kwamba alijua Jim ni mweupe ndani. Sifa hiyo inachoma kuliko tusi, nayo inatoka kwa yule aliye tayari kwenda motoni kwa ajili yake. Daktari naye, akitaka kumtetea, anamthamini kwa dola 1,000. Percival Everett, katika James (2024), amemkabidhi Jim usimulizi. Bila shaka alisikia ukimya tunaouzungumzia.

Katika sura ya mwisho Tom anampa Jim dola 40 kwa kuwa mfungwa mvumilivu, kiasi kilekile alichotolewa na Mfalme, na kilekile walichoacha wale wasakaji wa watumwa. Jim anafurahi. Huck anapanga kutorokea maeneo ya magharibi kabla Shangazi Sally hajamlea upya. Kuhusu mke wa Jim na watoto wale wawili, ambao bado wako mikononi mwa wenyewe, hakuna anayeuliza.