Mgeni Sokoni: Yupi Amjuaye kwa Haki?



Biashara ni halali na faida yake ni halali. Lakini imezuka elimu ya kumchunguza mtalii: anunua nini, lini, na kwa sababu gani. Basi yafaa tuulize: mwenye kuijua tabia ya mnunuzi ana ruhusa gani juu yake?

Elimu yenyewe haina ubaya. Mwaka 1986 mtaalamu wa Marekani, Beverly Gordon, alizigawa kumbukumbu za safari mafungu matano: picha, kipande cha mahali penyewe, kama jiwe au kombe, mfano mdogo wa kitu mashuhuri, kitu chochote kilichoandikwa jina la mahali, na zao la wenyeji. Tena yajulikana kuwa msafiri hulegeza mkono kuliko akiwa kwao, kwani siku zake ni chache na jamaa wanamngoja. Nani katika sisi hurudi Hija bila tende na tasbihi za kugawa?

Hapa Shanwe, Mpanda, hatuko mbali na Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Watalii wengi huteremka kwa ndege humo humo hifadhini, wasilione soko letu. Akitokea mmoja, muuza asali hudhani bahati imemshukia. Chupa aliyomuuzia jirani asubuhi, mgeni hutajiwa mara tatu. Ukimuuliza, atakujibu: "Nimemlazimisha? Si amekubali mwenyewe?"

Je, ridhaa ya asiyejua ni ridhaa? Mtume (s.a.w.) alikataza watu kwenda kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni; na aliyekwisha kuuza kwa namna hiyo akapewa hiyari ya kuvunja biashara akiifahamu bei. Pale msafiri alikuwa muuzaji, hapa ni mnunuzi. Illa ni moja, nayo ni ujinga wa bei. Wanazuoni wameliita punjo lililopindukia ghabn fahish.

Utasema: mtalii ni tajiri, hatadhurika. Lakini mizani haiulizi mfuko wa mtu. Utasema: mimi ni masikini, nina watoto wa kusomesha. Hiyo ni sababu ya kufanya kazi zaidi, na hapo ndipo elimu ile inapofaa. Umejua mgeni ataka zao la wenyeji: basi ichuje asali, ifunge isivuje safarini, andika jina la Mpanda, mweleze mrina asali alivyoirina katika miombo. Kisha ongeza bei kwa kazi uliyoiongeza. Hapo umemjua mgeni ukamhudumia. Kule ulimjua ukamwinda.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aumie.

Kipimo chake ni chepesi, Ndugu Msomaji. Unapomtajia mgeni bei, jiulize: je, jirani yangu akiisikia, na akauliza sababu yake, nitaweza kumweleza bila ya kuona haya? Ukiweza, chukua faida yako, na Mwenyezi Mungu akubarikie. Ukishindwa, punguza kabla hujapokea fedha, kwani mgeni akishaondoka hutajua pa kumpata umrudishie haki yake.