Ilimba ya Mwisho wa Wiki

Ilimba, ala ya vidole ya Wagogo wa Dodoma, inamfaa sana mtu anayechonga kwa kujifurahisha, kwani haidai mashine ya kukereza. Msumeno, tezo, patasi na msasa vinatosha. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ala hii kwenye majukwaa ya dunia.

Jumamosi ni ya mti. Gogo huchongwa kwa nje mpaka lipate umbo, kisha tumbo lake hukombwa taratibu, patasi ikifuata mkondo wa nyuzi. Hapa haraka ndiyo adui mkubwa. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu mno, na miisho ya gogo bichi hupoteza maji upesi kuliko sehemu ya kati. Ufa huanzia hapo hapo. Basi miisho hupakwa nta, kazi ikalazwa kivulini chini ya gunia, hata ikibidi kungoja wiki kadhaa.

Vyuma vinavyopigwa kwa vidole vyaweza kutengenezwa Jumapili yoyote. Msumari mnene hupondwa ncha hadi uwe bapa, kisha hubanwa juu ya daraja. Ukisukumwa ndani, sehemu inayopigwa hufupika na sauti hupanda. Ukivutwa nje, hushuka. Tundu dogo la ubaoni huzibwa kwa utando wa buibui, nao ukitetemeka huipa ilimba mvumo wake wa pekee, ambao hakuna ufundi wa patasi unaoweza kuuleta.