Sahani Inayoitwa Bata

Mtoto wa miaka miwili wa São Paulo akitaka sahani huweza kusema "pato". Wakubwa, kwa Kireno, husema "prato". "Pato" kwao ni bata. Nyumbani hakuna aliyemfundisha kuiita hivyo, na hapo ndipo Mtakatifu Augustino anapopata tabu.

Katika Maungamo, aliyoyaandika karibu na mwaka 400, Augustino alisema alijifunza kuzungumza kwa kuwatazama wakubwa wakitaja kitu huku wakikielekea, akayaweka maneno yao akilini. Maelezo matamu, ila yanamfanya mtoto kasuku. Na kasuku asingeidondosha r.

Mtu atasema ulimi tu bado mzito. Sivyo kabisa. Mtoto huyohuyo hutaja penseli, "lápis", bila shida, halafu blauzi, "blusa", huiita "busa". L anayo, kinachomshinda ni kuiweka nyuma ya konsonanti nyingine. Watafiti wa Brazili wameona kwamba vikundi vya konsonanti vya namna hii hukamilika mwisho, kwenye umri wa miaka mitano hivi, wakati p, m na t zimeshatulia zamani. Mchoraji Mauricio de Sousa amewachekesha Wabrazili kwa jambo linalokaribiana na hilo: Cebolinha, mhusika wake wa katuni tangu 1960, hutia l penye r, "elado" badala ya "errado".

Mwaka 1941 mwanaisimu Roman Jakobson alidai kuwa mpangilio wa kujifunza sauti ni mmoja kwa watoto wa dunia nzima. Alizidisha kidogo, maana hata watoto wa Kireno kimoja hawasikii sauti zilezile. Mtoto wa Lisboa husikia "lápis" ikiishia na sh na irabu zisizo na mkazo zikimezwa; wa São Paulo husikia s, na irabu zikitamkwa wazi.

Je, asemaye "pato" anaijua "prato"? Watafiti Jean Berko na Roger Brown, mwaka 1960, walisimulia habari za mtoto asemaye Kiingereza aliyemwita samaki wake wa plastiki "fis". Mtu mzima alipomuiga, "fis", mtoto alikataa kata kata. Aliposikia "fish", akakubali. Sikio lilishajua kabla ya kinywa.

Plato, aliyeamini kujifunza ni kukumbuka, asishangilie mapema: neno hilo mtoto alilisikia, hakuzaliwa nalo. Alichozaliwa nacho, kama kipo, huenda ni kule kupendelea silabi nyepesi, konsonanti moja na irabu moja. Hata hilo wapo wasiolikubali: wanasema silabi hizo ndizo zinazojaa masikioni mwake tangu siku ya kwanza.