Gari la Turubai Huoza Kutoka Ndani

Mwanangu, nimesikia umenunua gari la paa la turubai, na wenzako hapa mtaani Section 58, Nakuru, wanalisifu jinsi linavyong'aa. Hongera. Nina ombi moja kabla hujalipandisha Menengai jioni paa likiwa limefunuliwa: inua kapeti uitazame sakafu. Rangi ya nje ni kazi ya fundi wa juzi. Sakafu ndiyo itakayokuambia gari hilo limeishije.

Wengi huogopa mvua inayopiga bodi kwa nje. Hiyo hasara yake ni ndogo, maana maji huteleza na jua la Nakuru huyakausha upesi. Maji mabaya ni yale yaliyoingia yakakosa pa kutokea. Turubai likichoka kwenye mshono, au raba ya kioo ikipasuka kwa jua, mvua hupenya tone kwa tone, ikashuka nyuma ya viti na kujificha kwenye sponji iliyo chini ya kapeti. Ukigusa juu ni pakavu, kumbe chini kuna unyevu wa wiki nzima. Chuma kikikutana na maji na hewa, kutu huanza, nayo hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana huisukuma rangi ikatoka malengelenge. Ukiona lengelenge kwa nje, jua ndani kumeliwa zamani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Waliounda magari haya walijua turubai litavuja siku moja, wakaacha vitundu vya kutolea maji: chini ya milango, sakafuni, na kwenye pembe ambako paa hukunjwa. Hapa kwetu vitundu hivyo huzibwa na vumbi na majani ya mijakaranda. Mwezi wa Februari, kabla mvua ya Machi haijafika, vizibue kimoja kimoja kwa waya laini. Kisha mimina kikombe cha maji kwa juu, uchungulie chini. Yasipotoka, yamebaki ndani ya gari, na kazi yako siku hiyo ni kuyatafuta. Nimeona watu wakiviziba vitundu hivi kwa gundi eti vumbi lisiingie. Usithubutu.

Usilikunje turubai likiwa bichi, litaota ukungu na mshono utaoza. Na ukiegesha gari kwenye ploti, usilifunike kwa nailoni. Mvuke wa usiku unanaswa humo na bodi inashinda na jasho. Kibanda cha mabati kilicho wazi pembeni kinatosha kabisa. Usiliegeshe juu ya nyasi kwa miezi, kwa sababu unyevu wa ardhi hupanda moja kwa moja kwenye chesisi. Vijana wa kuosha magari nao uwaelekeze: waoshe chini na ndani ya fenda, matope yatoke, lakini mpira wa maji usiingizwe ndani ya gari hata kama kapeti ni chafu. Kapeti hutolewa, likafuliwa, likaanikwa siku mbili au tatu.

Wenye Land Rover za zamani huniambia kutu haiwahusu kwa kuwa bodi yao ni alumini. Ni kweli, Land Rover ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado na mgao wa chuma baada ya vita, ndiyo maana waundaji wake wakatumia alumini. Lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu yako ni chuma. Pale alumini na chuma zinapogusana kwenye unyevu, moja huila nyingine. Halafu kuna matope ya ufuoni. Maziwa yetu ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni ya magadi, na magadi makali huila alumini. Ukitoka huko na matope chini ya gari, usisubiri Jumapili. Osha jioni hiyohiyo kwa maji mengi matamu. Gari lililokaa Mombasa likapigwa na chumvi ya bahari, au lililotoka Uingereza ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, lichunguze mara mbili.

Utaambiwa upulize oili chafu chini ya gari. Ni desturi ya zamani, na siwezi kusema haizuii kutu, inazuia. Lakini oili hiyo huharibu mipira ya saspensheni na mabomba ya mpira ya breki, na inadondoka. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka; kinachosombwa na mvua kutoka mitaa yetu hufika huko na kubaki. Ziwa hilo limo katika orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 1990. Tumia mafuta ya nta ya kuzuia kutu, yale yanayopulizwa kwa mrija mrefu hadi ndani ya mihimili, baada ya chuma kukauka vizuri. Ukiyapuliza juu ya unyevu, umeufungia ndani.

Usidanganywe na bodi fila. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini isikwaruze rangi, uipitishe taratibu chini ya milango na kuzunguka fenda. Pale inaposhika ni chuma. Pale inapoteleza na kuanguka, na bodi si ya alumini, kuna fila, na chini ya fila huenda pana shimo. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza.

Pahali pa kugonga kwa makini zaidi ni ile mihimili ya pembeni chini ya milango. Gari lisilo na chesisi hubebwa na bodi yake yote, paa likiwemo. Likikosa paa, mzigo wote hushukia sakafu na mihimili hiyo, ambayo ni mitupu ndani na hupenda kukusanya maji. Ikioza, gari hulegea katikati. Dalili yake ni mlango uliokuwa ukifunga vizuri kuanza kutaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Wengi hukimbilia kubadilisha bawaba, na bawaba haina kosa.

Kuna mafundi wazuri sana wa jua kali mjini humu, na mhimili uliooza wanaukata na kuchomelea mwingine. Ila gari la turubai lina sharti lake. Kabla ya kukata chochote, betri itolewe, tangi la mafuta literemshwe, gari likalishwe sawasawa, na uwazi wa kila mlango ufungwe kwa chuma kilichochomelewa kutoka mbele hadi nyuma. Bila chuma hicho bodi itapinda wakati wa kuchomelea, na milango haitafunga sawa tena maisha yake yote. Muulize fundi atafungaje uwazi huo. Akikuambia hakuna haja, ondoa gari lako kwake, hata kama umeshalipa nusu.