Sala Mlangoni mwa Mchezo

Swali ninalotaka kulitazama ni hili: je, muziki mzuri unaweza kuufanya mkono wa mtu utende jambo ambalo mkono huohuo ungesita kulitenda katika ukimya? Wazee wetu walilijua swali hili, maana hakuna jeshi lililokwenda vitani bila ngoma, wala shamba kubwa lililolimwa bila mtu wa kuongoza wimbo. Lakini mimi nataka kuliuliza mahali ambapo wengi wataona ni upuuzi kuliuliza, yaani mbele ya mchezo wa kompyuta.

Niseme mapema kwamba mimi ni mchezaji, si mhubiri. Hapa Tabora vijana wengi hucheza mpira katika vibanda vya gemu, na muziki wa huko hausikiki vizuri kwa kelele za watazamaji. Mimi hupendelea michezo ya polepole, ile ambayo mtu anajenga taifa kutoka kijiji kimoja mpaka dola kubwa, zamu baada ya zamu, huku chai ikipoa pembeni. Katika michezo ya namna hiyo muziki una nafasi kubwa, kwa sababu mchezaji anakaa nao saa nyingi kuliko anavyokaa na wimbo wowote wa redioni.

Mmoja wa michezo hiyo ni Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Ukiufungua tu, kabla hujafanya lolote, dunia inaonekana ikichomozewa na jua na kwaya inaanza kuimba kwa Kiswahili. Wimbo unaitwa "Baba Yetu", na maneno yake yametolewa katika Sala ya Bwana. Aliyeutunga ni Mmarekani, Christopher Tin, ambaye alisoma Chuo Kikuu cha Stanford na kuishi chumba kimoja na Soren Johnson, aliyekuja kuwa mbunifu mkuu wa mchezo huo. Walioimba katika mchezo ni Talisman, kikundi cha waimbaji wa chuo hichohicho. Baadaye Tin aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini katika santuri yake ya mwaka 2009, na mwezi Februari 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kupata tuzo hiyo miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Leo kwaya za shule na vyuo vya Ulaya na Marekani zinauimba bila kujua Kiswahili kingine chochote.

Ni wimbo mzuri. Sina sababu ya kusema vingine. Mara ya kwanza nilipousikia nywele zilinisimama, na nadhani kila Mswahili aliyeusikia akiwa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta alipata mshtuko wa namna hiyo, kwamba lugha yetu imewekwa mlangoni mwa historia ya dunia nzima.

Siku moja nilimsikilizisha mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa katekista katika parokia za huku kwetu. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho huku macho ameyafumba. Nilitegemea ama atafurahi ama atakasirika kwamba sala imefanywa mapambo.

"Wameimba vizuri," alisema. "Sasa baada ya sala mnafanya nini humo ndani?"

"Tunajenga taifa, mjomba. Anayewashinda wengine ndiye mshindi."

"Mpaka mpate nini?"

"Dunia yote, ikiwezekana."

Akacheka. "Basi, mwanangu, sala hiyo na mchezo huo havijuani. Sala inaomba chakula cha siku moja tu."

Nimelifikiri sana neno lake. Wala si chakula peke yake. Sala ile inaomba msamaha na kuahidi kusamehe, wakati ndani ya mchezo kila mtawala jirani ana daftari la makosa yako kwa tarakimu: ulikataa kumsaidia, toa moja, ulimvamia rafiki yake, toa mbili. Baadhi ya makosa hufifia kadiri zamu zinavyopita, mengine hayafifii. Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaosema kwamba kosa ni kuweka sala ndani ya mchezo. Sala imewekwa mahali pabaya zaidi ya hapo mara nyingi: kwenye sarafu, kwenye mabasi, kwenye mizinga. Sala haichafuki kwa kuimbwa. Kinachonisumbua kiko hatua chache baada ya mlango.

Katika Civilization IV, mara taifa lako linapopata ujuzi wa kufua shaba, unaruhusiwa kuchagua utumwa kuwa utaratibu wa kazi. Ukishauchagua, unapata kitufe katika kila mji. Mji una tarakimu inayoonyesha ukubwa wa watu wake, tuseme sita. Ukibonyeza kitufe, sita inakuwa nne, na ghala au kambi ya askari uliyokuwa ukiisubiri inakamilika zamu inayofuata. Wakazi waliobaki watanung'unika kwa muda, kisha watanyamaza. Wachezaji hodari wanajua kuwa hii ni njia mojawapo ya haraka sana ya kukuza taifa, na katika mazungumzo yao hawasemi "utumwa", wanasema "mjeledi". Nimekibonyeza kitufe hicho kama wao. Muziki hausimami. Ukiwa katika zama za kati unaendelea kusikia kwaya tukufu, pamoja na Miserere ya Allegri, utenzi wa mtu anayeomba kuhurumiwa, wakati sita inageuka nne.

Kwa mtu wa mahali pengine labda hili ni jambo la hesabu tu. Kwa mtu wa Tabora si rahisi. Mji huu haukukua kwa sababu ya mto wala bandari. Ulikua kwa sababu njia mbili za misafara zilikutana Unyanyembe: moja ikitoka pwani ya Bagamoyo na kuendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga matembe yao. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Hata mtu mwenye jina kubwa namna ile hakuweza kwenda popote pasipo wapagazi.

Na wapagazi hao, yafaa tulisahihishe jambo hili, wengi hawakuwa watumwa. Walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, wakapatana malipo kwa mikono ya nguo, hasa ile tuliyoiita merikani kwa kuwa ilifumwa Marekani. Wakidhulumiwa waligoma, au waliweka mizigo chini na kutoroka usiku. Pamoja nao njia ileile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, ambao hawakupatana na mtu juu ya lolote. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hapa bara utumwa ulidumu. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilitungwa mwaka 1922. Mtu huru mwenye pembe begani na mtu asiye huru mwenye mnyororo shingoni walikanyaga vumbi moja, pengine siku moja.

Misafara hiyo ilikuwa na muziki wake. Mbele alikwenda kirangozi, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, akifuatiwa na mpiga ngoma. Burton aliandika kwamba pembe za ndovu zilifungwa kengele za ng'ombe kwenye ncha, kwa hiyo mlio wake ulitangulia kufika kijijini. Wapagazi waliimba njiani, na wageni waliosafiri nao walishangaa kuona watu waliochoka mchana kutwa wakicheza ngoma usiku kambini. Babu yake mjomba wangu alikuwa mpagazi wa siku za mwisho, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, na mjomba anasema nyimbo alizozikumbuka zilikuwa za matusi kwa viongozi, za hamu ya nyumbani, na za kuhesabu siku zilizobaki. Tofauti yake na muziki wa mchezo wangu ni kubwa. Wimbo wa mpagazi ulitoka kifuani mwa aliyebeba. Muziki wa mchezo unamwimbia anayeamuru.

Halafu kuna pembe zenyewe. Nyingi zilizofika Unguja zilisafirishwa hadi Marekani, katika miji miwili midogo ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, huyu wa pili ukiwa umepewa jina kwa ajili ya pembe. Huko zilikatwa vipande vyembamba vya kubandikwa juu ya vidole vya piano. Kwa hiyo katika sebule za watu wa heshima wa New York au Boston, binti alipojifunza kupiga utenzi wa kanisani jioni, vidole vyake viligusa kitu kilichopita hapa Tabora juu ya bega la mtu. Sitaki kumlaumu binti yule. Hakuweza kujua. Lakini natambua kwamba uzuri wa sauti ndio uliomzuia kuuliza, maana nani atakatiza wimbo mzuri ili aulizie mbao na mifupa ya kinanda?

Pembe imo katika mchezo pia. Imewekwa kati ya bidhaa za anasa: ukijenga kambi ya wawindaji penye ndovu na kuiunganisha kwa barabara, wakazi wa miji yako wanafurahi, na furaha hiyo inaonyeshwa kwa uso mdogo wa manjano unaocheka. Hakuna anayebeba. Pembe iko porini zamu hii, na zamu ijayo iko mjini.

Rafiki zangu vijana wananiambia, "Kaka, huo ni mchezo tu." Si hoja ya kudharauliwa. Katika bao tunakula kete za mwenzetu tangu asubuhi hadi jioni, na maneno yanayosemwa mbaraza wakati huo hayafai kuandikwa, lakini hakuna anayetoka pale akiwa mla watu. Ni kweli. Ila tazama bao lilivyo. Kete haina jina. Ikiliwa haipotei, inahamia upande wa pili na kuendelea kuzunguka. Sitini na nne ulizoanza nazo ndizo utakazomaliza nazo. Na sauti ya bao ni sauti ya kete zenyewe zikianguka mashimoni, pamoja na kejeli za wachezaji. Hakuna kitu kilichowekwa juu ili kikuambie ujisikie vipi. Mchezo wa kompyuta umechukua majina ya kweli, pembe, utumwa, msafara, kisha ukayatandikia kwaya.

Sidhani kwamba mchezaji anajifunza ukatili. Huo ni woga wa wazazi, na wazazi wameogopa kila kitu, hata riwaya. Ninachodhani ni kidogo zaidi, na kwa hiyo kigumu zaidi kukikwepa: mchezaji anazoea kutosikia. Muziki unampa msamaha kabla hajatenda, na anayesamehewa kabla ya kutenda hana sababu ya kutazama alichotenda.

Hivi karibuni nimekuwa nikicheza Civilization VI, uliotoka mwaka 2016. Wimbo wake wa mlangoni pia ni wa Tin, lakini safari hii kwa Kiitaliano. Jambo zuri ni kwamba kila taifa lina wimbo wake, unaoanza na ala chache na kukua kadiri zama zinavyosonga. Ufalme wa Kongo umepewa "Banaha", wimbo wa Kongo unaoimbwa na kwaya nyingi za dunia, na mtu akicheza upande huo jioni nzima anaamka kesho yake akiuimba. Kitufe cha utumwa cha namna ile ya zamani hakimo tena. Wengi wamesifu. Mimi nina mashaka. Kitufe kilikuwa kibaya, lakini angalau kilikuwa na jina lake, na tarakimu ilishuka mbele ya macho yako. Sasa pembe ya anasa ingalipo, furaha yake ingalipo, na deni lake halionekani mahali popote. Kati ya mchezo unaosema uovu huku ukiimba na mchezo usiousema kabisa, sijui kama huu wa pili ndio wenye adabu zaidi.

Kitu kimoja katika mchezo huu mpya kimenipendeza kuliko muziki wote. Kuna mfanyabiashara unayemtuma kutoka mji hadi mji, na kila anapopita barabara inajitokeza nyuma yake, bila wewe kuijenga. Ndivyo njia yetu ilivyofanyika. Hakuna mhandisi aliyeichora njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Ilichorwa na nyayo. Nilimwonyesha mjomba kile kijipicha kinachokwenda na kurudi, na mstari unaoachwa nyuma yake. Akasogeza kiti, akakitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Huyu anaimba nini?" akauliza.

Nikapunguza muziki wa taifa mpaka ukaisha kabisa, tukasikiliza pamoja. Nje fundi wa baiskeli alikuwa akigonga ringi.

"Hajapewa wimbo, mjomba."

"Usiuwashe kwanza," akasema, na mjumbe wetu akaendelea na safari yake kuelekea mji wa pili.