Je, Ni Haki Msafiri Kujenga?



Tunawasalimu ninyi nyote mlioko hapa Nakivale, kuanzia Base Camp mpaka Rubondo na Juru, pamoja na ndugu zetu waliokwisha kwenda nchi za mbali ambao bado wanatumiwa jarida hili. Mwezi huu hatutaandika somo kama kawaida yetu. Kuna neno lililolikesha baraza la wazee siku mbili, na hatujalimaliza. Tumeona si vema libaki kwa wazee peke yao, kwa maana ni ninyi mtakaobeba maji na mchanga, na sadaka ni zenu.

Mnakijua kiwanja kilicho nyuma ya kanisa, penye mwembe. Shauri lililoletwa ni kujenga hapo nyumba ya huduma yenye vyumba vitatu. Kimoja ni cha watu wazima kujifunza kusoma na kuandika. Kimoja ni cha cherehani za wamama, na asubuhi kitatunza watoto wadogo wakati wazazi wako shambani. Cha tatu ni kidogo, chenye viti viwili tu, ili mtu aliyelemewa aje kuketi na mwenzake anayejua kusikiliza. Chini ya mwembe patakuwa uwanja wa maombi, wazi, bila paa. Milango ya nyumba haitatazama kanisa, itatazama barabara, ili jirani asiye wa kwetu, awe Msomali, Mrundi au Mnyankole mwenye ng'ombe, aingie bila kupita mbele ya mimbari.

Hilo ndilo shauri. Sasa sikilizeni yaliyosemwa juu yake.

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja mjane, ambaye hatutamtaja jina. Alisema, "Pasta, unisamehe, lakini matofali hayaliwi." Akaketi. Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu kila mtu alijua alichomaanisha. Tangu 2020 msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda umepunguzwa mara baada ya mara. Mwaka 2023 WFP ilianza kutugawa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja katika nchi nzima waliondolewa kabisa kwenye msaada huo. Baadhi yao wanaketi katika mabenchi yetu kila Jumapili, nao wanapoimba hatuwezi kujua nani amekunywa uji na nani hajanywa kitu.

Lakini neno la mama huyu lilituchoma kwa sababu nyingine, na hapa inatupasa kuungama. Mwaka 2021 tulichangisha pesa za vyombo vya muziki. Tulihubiri sana juu ya kumsifu Bwana kwa vinanda, pesa zikatoka, vyombo vikaja. Mwezi ule ule familia moja ya kanisa hili iliuza mabati yake ili watoto wale, ikafunika nyumba kwa turubai kuukuu. Sisi wachungaji hatukujua mpaka mvua iliponyesha, mtoto mmoja akaugua kifua. Sadaka ya nyumba ile ilikuwa imo ndani ya spika zetu. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, ila tangu siku ile tukisikia spika zile zikilia hatuna raha sana.

Ndiyo maana tuliogopa pale mzee mmoja wa baraza alipofungua kitabu cha Hagai ili kumjibu mjane. Wengi wetu tumefundishwa kukitumia kitabu hicho kila kanisa linapotaka kujenga, na hata katika chuo cha Biblia tulikuwa na hotuba iliyokwisha andaliwa. Lakini someni vizuri sura ya kwanza. Nabii anawakemea watu wanaokaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba ya Mungu ikiwa gofu. Je, ni nani kati yetu anayekaa katika nyumba ya mbao nzuri? Neno lililosemwa kwa walioshiba si halali kulitupa usoni mwa mwenye njaa. Vivyo hivyo na yule mjane wa senti mbili katika Marko 12. Tunapenda kumsifu kwa kutoa vyote alivyokuwa navyo, lakini mistari michache tu kabla yake Bwana Yesu anawakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Luka naye ameyaweka mambo hayo mawili pamoja. Mchungaji anayesoma moja na kuruka jingine ajichunguze.

Basi mjane ameshinda? Tulidhani hivyo usiku wa kwanza. Usiku wa pili shemasi mmoja akatukumbusha jambo. Mwaka ule wa makundi, mama mmoja jirani yetu alipokea ujumbe kwenye simu. Hajui kusoma. Aliona haya kumpa mtoto wa mwenzake amsomee, akakaa nao wiki mbili akidhani ni matangazo ya kampuni ya simu. Ulikuwa ujumbe wa kumweleza mahali pa kupeleka malalamiko yake, na siku zilikuwa zimepita. Kwa mama huyo chumba cha kujifunza kusoma kingekuwa chakula kabisa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa wepesi kwamba huku kuna tumbo na kule kuna tofali, tuchague. Swali gumu zaidi ni tofali hilo linatoka katika sahani ya nani.

Neno la pili lilitoka kwa baba mmoja wa Fizi. Mzee huyu ni mkulima hodari, lakini tangu afike hajapanda hata mgomba mmoja. Hupanda maharage na mahindi, mazao ya miezi michache tu. Mtu akimuuliza anasema mgomba ni wa mtu aliyefika, naye bado yuko njiani. Katika kikao alisema, "Mkijenga kwa matofali mmekubali kwamba kwetu pamekwisha." Wakati huo sote tulikuwa bado na habari za Goma, iliyotekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumbishia.

Mnajua ile barua ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli, sura ya 29, inayowaambia wajenge, wapande bustani, wautafute usalama wa mji ule na kuuombea. Wachungaji wa kambi tunaihubiri sana, pengine kupita kiasi. Ila kuna sura ya 28 ambayo hatuihubiri. Humo yumo Hanania, nabii mwenye sauti tamu, aliyewaahidi watu kwamba baada ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Yeremia alimjibu "Amina", yaani na yeye alitamani iwe hivyo! Kisha akaandika barua yake, na ndani yake akataja miaka sabini. Tazameni, basi, kwamba aliyewaambia wajenge ndiye aliyewaahidi pia kurudi. Hakuona kwamba kujenga ni kukata tamaa. Aliyewaambia wasubiri kidogo tu ndiye aliyewadanganya. Hata sisi tumekuwa na akina Hanania wetu, waliosema mwaka ujao tutarudi, au mwaka ujao sote tutapanda ndege. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kulikuwa na familia hapa zilizokwisha kugawa masufuria yao.

Wala si sisi wa kwanza kuulizana hivi katika nchi hii. Nakivale yenyewe imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wa kwanza walitoka Rwanda. Wengi wao walingoja zaidi ya miaka thelathini, mpaka 1994, na wengine walizikwa katika vilima hivi. Lakini kuna wengine ambao vijana wetu hawawajui kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Uganda ilipokea wakimbizi wazungu kutoka Poland, maelfu, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Walikuwa wamechukuliwa kwa nguvu makwao na serikali ya Urusi ya wakati ule na kupelekwa Siberia. Waliponusurika walipitia Iran mwaka 1942, wakaletwa Afrika Mashariki. Wengine walikaa Tengeru karibu na Arusha, wengine Koja kando ya ziwa Victoria, na wengine Nyabyeya huko Masindi, karibu na msitu wa Budongo.

Watu hawa wa Nyabyeya walikuwa na kila sababu ya kutojenga. Vita ilikuwa bado inaendelea na kila mmoja alitumaini kurudi. Hata hivyo walijenga kanisa la kudumu, wakaliita kwa jina la Bikira Maria Malkia wa Poland, kwa maana walikuwa Wakatoliki. Vita ikaisha, na mipaka ikachorwa upya. Wengi wao walikuta vijiji vyao vimekuwa ndani ya nchi nyingine. Hawakurudi. Walitawanyika Uingereza, Kanada, Australia, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 makambi yao yalikuwa yamefungwa. Kanisa lile lingali limesimama, na wanaosali humo ni Waganda wa mahali pale. Mama wa Poland aliyebeba tofali hakulibeba kwa ajili ya mtu wa Masindi ambaye hajazaliwa, lakini ndiye aliyelipokea.

Tulipomsimulia baba yetu wa Fizi habari hii hakusema amekubali. Aliuliza tu, "Na makaburi yao nani anayapalilia?" Tukamwambia makaburi yapo, yanatunzwa. Akatikisa kichwa.

Tangu hapo mazungumzo yetu yaligeuka. Tuliacha kuulizana kama tutakaa au tutaondoka, tukaanza kuulizana tutamjengea nani. Kwa sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ardhi hii tumepewa kuitumia, hatuwezi kuiuza wala kuikodisha. Wengine huona hilo kuwa fedheha. Sisi tunaanza kuliona kuwa msaada kwa dhamiri, kwa sababu tangu tofali la kwanza tunajua nyumba si yetu. Mwenye kujenga kwa ajili ya jina lake atahuzunika, lakini mwenye kujenga kwa ajili ya atakayebaki hatapoteza kitu. Hivyo tumependekeza nyumba isiandikwe jina la kanisa letu. Ndugu yetu mmoja aliye ng'ambo ameahidi pesa za mabati, akaomba kibao chenye jina la marehemu baba yake ukutani. Tunampenda na tulimpenda baba yake. Kibao hatutaweka, na tumemwandikia kumweleza sababu.

Kuhusu uwanja wa maombi tulitofautiana kidogo. Watu wetu wanapenda kuomba nje. Huko Kivu tulipanda milimani, tukafunga siku tatu. Hapa wamama huamka saa kumi usiku kwenda kuomba kwenye vichaka karibu na malisho, na mwaka jana wawili walikimbizwa na watu wasiojulikana. Kwa hiyo mahali pa karibu panahitajika. Vijana walitaka ua wa miti yenye miiba kuzunguka pote. Lakini kumbukeni Filipi, Matendo 16. Paulo alipotafuta mahali pa kuomba alitoka nje ya lango akaenda kando ya mto, akawakuta wanawake wamekusanyika. Hapakuwa na ukuta wala mlango, na Lidia, mgeni mfanyabiashara kutoka mji mwingine, aliweza kuketi na kusikiliza. Tumeamua pasiwe na ua, ila taa moja ya jua na walinzi wawili wa zamu kutoka kwa wababa. Na vipaza sauti visifike pale. Jirani zetu Waislamu wamevumilia mikesha yetu miaka mingi bila kulalamika kwa ofisi ya kamanda. Mungu anasikia hata anayenong'ona.

Tumeweka pia utaratibu wa kazi, kwa kumheshimu yule mjane. Uwanja utatangulia, maana unahitaji mawe, miche na mikono, si pesa nyingi. Nyumba itafuata chumba kimoja kimoja, na cha kusoma kitakuwa cha kwanza. Hakuna nyumba iliyoondolewa kwenye msaada itakayodaiwa mchango, wala jina lake halitasomwa mbele ya watu. Kila siku ya kazi patapikwa posho na maharage, na atakayefika atakula, hata asipoinua jiwe. Sanduku la wahitaji litajazwa kwanza kila mwezi kabla ya lile la ujenzi. Likikosa kujaa, ujenzi utasimama mwezi huo, hata kama ukuta umefika kwenye madirisha. Wazee wawili walipinga neno hili la mwisho wakisema nyumba haitaisha kamwe. Huenda wamesema kweli.

Mama yetu mjane tulimpelekea maneno haya nyumbani kwake. Alisikiliza yote, akauliza nani atashika ufunguo wa sanduku la wahitaji. Tulikuwa hatujafikiri. Tumemwomba aushike yeye, na amesema atatujibu mbele ya kanisa, si nyumbani.

Basi kikao cha washirika wote kitakuwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, mara baada ya ibada, chini ya mwembe. Waalikeni na majirani wasio wa kanisa, kwa kuwa neno hili linawahusu. Asiyeweza kuandika maoni yake amwambie shemasi wa mtaa wake. Kila mtu aje na kiti chake, na mvua ikinyesha tutaingia ndani.