Mzee wa Bao na Mtambo wa Sataranji

Hapa Kiranjeranje, jua likipungua, wazee huketi chini ya mwembe wakacheza bao. Juzi kijana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, nasikia mitambo hucheza kuliko watu. Basi, ya nini kuwasikiliza wazee?" Ndugu wasomaji, swali hili si la mchezo tu, yafaa tulifikiri pamoja.

Sataranji ni mchezo wa ubaoni kama bao letu. Mwaka 1997, huko New York, mtambo uitwao Deep Blue ulimshinda Garry Kasparov, bingwa wa ulimwengu. Lakini haukufika huko peke yake: mafundi wa mchezo, kama Joel Benjamin wa Marekani, waliutilia maarifa yao. Hata mwaka 2017 ikaja programu ya AlphaZero. Hii ilipewa kanuni za mchezo tu, ikacheza yenyewe kwa yenyewe, ikajifunza. Katika michezo 100 na Stockfish, iliyojaa maarifa ya watu, ilishinda 28, ikatoka sare 72, wala haikushindwa hata mara moja. Tangu mwaka 2020 wenye Stockfish nao wakaitilia maarifa yaliyotokana na mitambo. Na mwaka 2023 wakaziondoa kabisa zile hesabu za kupimia mchezo zilizoandikwa na watu.

Je, walikosa adabu? La. Katika sataranji kipimo ni kimoja, nacho ni kushinda. Shauri lisiloleta ushindi huachwa, hata likiwa la bingwa. Mzee wa bao naye, akiona kete zake zaliwa kwa njia aliyofundishwa, hutafuta nyingine.

Lakini ni nani aliyeuambia mtambo kwamba shabaha ni ushindi? Ni mtu. Nayo maisha yetu hayana kipimo kimoja. Mzee amfundishapo mjukuu kuilinda nyumba yake katika bao, humfundisha pia kungoja zamu, kushindwa bila hasira, na kushinda bila dharau. Kwa kipimo cha ushindi hayo si kitu. Kwa kipimo cha ujirani ndiyo makubwa.

Wahenga walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi tulisikie, kisha tulipime; nalo likishindwa katika jambo moja, tusilitupe katika yote.

Nilimjibu kijana: "Nenda ukajifunze kwa mtambo, wala usione haya. Kisha rudi mwembeni ucheze na babu yako. Ukimshinda, tazama jinsi atakavyokupa mkono. Hilo nalo ulijifunze."